Bolti ya Kiti cha Baiskeli

Usiku wa jana niliota tundu. Si shimo la kutumbukia mtu, la. Tundu la bolti, la kuingia kidole gumba, kwenye bamba la chuma la daraja letu la kuning'inia. Lilikuwa limeketi kwenye stuli chumbani kwangu, limekunja nne.

"Shikamoo, Mzee Kasyupa," likasema.

"Marahaba."

"Nasikia umewaambia wageni kwamba nilizaliwa hivi."

Na ni kweli nilisema.

Nieleze kwanza mambo ya mchana, kwa sababu ndoto hii haikujileta yenyewe. Hapa Ilundo tuna wanafunzi sita kutoka Japani, wanasomea uhandisi, shahada ya pili. Wamekuja kwa siku kumi kulichunguza daraja. Nimepewa mimi kuwaongoza kwa kuwa nimetembea kwingi, ingawa shule niliisoma vipandevipande: darasa la kwanza Tukuyu, la tatu Chunya, na la pili sijui lilipitia wapi.

Kazi yao iko hivi. Onodera, kijana mrefu asiye na maneno, anagonga kila bolti kwa kinyundo na kutega sikio. Ikilia ting, ni nzima. Kisha anapiga mstari mweupe kwa kalamu ya rangi, kuanzia kichwa cha bolti hadi kwenye bamba. Siku bolti ikilegea, mstari utavunjika na kila mtu ataona. Mwisho anainyooshea kidole na kusema kwa nguvu, "Sawa!" Na wenzake wote wananyoosha vidole, "Sawa!" Hata mbuzi wa jirani wameshazoea.

Jana wakafika kwenye bamba moja lenye bolti tatu na tundu tupu. Kiongozi wao, binti anayeitwa Kurihara, aliyejifunza Kiswahili kitabuni, akaniuliza, "Mzee, bolti ya hapa imekwenda wapi?"

"Haijawahi kuwepo," nikamjibu. "Tundu limezaliwa hivyo. Fundi aliliacha."

Akaandika neno kwa neno. Wakainama wote sita kunishukuru. Mzee ameshasema, nani ataendelea kuuliza? Leo saa tatu asubuhi walipanga kupita darajani pamoja na wanakijiji, ili kulijaribu kwa uzito.

Na bolti yenyewe ilikuwa imeshika kiti cha baiskeli yangu. Niliitoa mwezi wa tano, kiti kilipoanza kunigeukia njiani.

"Twende," tundu likaniambia. "Wanakusubiri."

Nafungua mlango, na nje si Ilundo. Ni stesheni ya treni. Nadhani ni Japani, maana watu wote wako kwenye mstari na hakuna anayepiga kelele. Dereva wa treni ni daraja letu, limevaa glavu nyeupe.

"Shikamoo, daraja," anasema Kurihara.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mmekula?"

"Tumekula." Ananigeukia. "Mzee, huku kisichonyooshewa kidole hakipo."

Nadhani ananitania. Onodera ananyooshea benchi, "Sawa!" Benchi linabaki. Ananyooshea saa ya ukutani, "Sawa!" Inabaki. Mlima ulio nyuma anausahau. Mlima unaondoka polepole, kama mgeni aliyekosa kiti.

Natazama chini. Viatu vyangu havipo.

"Jamani, nami ninyoosheeni!"

"Bado," anasema Kurihara. "Kwanza tukugonge."

Kinyundo kinakohoa. "Vuta pumzi, mzee."

Onodera ananigonga nacho kifuani. Pwa.

Stesheni nzima inageuka kunitazama.

"Rudia," linasema daraja.

Pwa.

"Kutu," kinasema kinyundo. "Imeanzia kwenye ulimi."

Nilitamani ardhi ipasuke, lakini hakuna aliyeinyooshea kidole, kwa hiyo ardhi yenyewe haikuwepo. Onodera akanishika bega. Kwa mara ya kwanza nikamsikia akisema zaidi ya ile "Sawa!" yake, tena Kiswahili cha stendi ya Mbeya: "Usijali, mzee wangu. Tunakupiga mstari tu, tumemaliza."

Anaweka kalamu kwenye paji la uso. Anauvuta mstari puani, mdomoni, kidevuni. Anasimama.

"Unaishia wapi?"

"Nini?"

"Mstari. Unaanzia kwenye kitu, unaishia kwenye kile kilichokishika. Wewe umeshikwa na nini?"

Nafikiri. Tukuyu niliondoka. Chunya niliondoka. Mpanda niliondoka ugali ukiwa bado jikoni.

"Nina baiskeli," nasema.

Onodera ananitazama kwa huruma. "Baiskeli ina magurudumu, mzee."

"Kwangu ipo nafasi," linasema tundu.

Basi wanafunzi wanainama kulishukuru. Wanainama, wanazidi kuinama, vichwa vinapita sakafuni, na sisi sote tunatokea upande wa pili, mtoni Ilundo, chini ya daraja. Wananiingiza tundu lile, miguu kwanza. Wananitia spana masikioni. Wanakaza. Nasikia mbavu zinakutana.

"Sawa!"

Saa tatu inafika.

Wa kwanza kupita ni Mama Tumpe, mwenye nyumba ninayopanga, na ndoo ya maziwa kichwani.

"Heee! Mzee Kasyupa! Leo umekubali kukaa mahali pamoja?"

"Rudi, Mama Tumpe! Rudi!" Lakini kinachonitoka mdomoni ni: ting.

"Ting kitu gani? Kaza, baba, maziwa yatamwagika."

Nyuma yake anakuja Tumpe, binti yake, ana mimba ya miezi minane, anavuka kwenda kliniki. Uzito wake naupokea shingoni. Naupokea na wa mtoto, ni mdogo lakini unapiga mateke. Wanakuja wengine, kijiji kizima, na nyuma yao wanafunzi sita, wananyooshea kila ubao. Sawa! Sawa! Sawa!

Shingo yangu inaanza kuzunguka.

Siizungushi mimi, inazunguka yenyewe, robo, nusu. Mstari usoni unavunjika: pua imebaki huku, kidevu kimekwenda kule. Onodera anauona. Anasimama katikati ya daraja, anaunyoosha mkono kunielekea, anafungua mdomo.

Hasemi kitu.

Kidole kimebaki hewani. Watu wote wanangoja neno moja. Mtoto tumboni mwa Tumpe naye ameacha kupiga mateke, anangoja. Na mimi natoka tunduni, uzi kwa uzi.

Nilishtukia niko sakafuni, jasho linanitiririka. Kumepambazuka.

"Mzee!" Mama Tumpe aliita kutoka uani. "Umeanguka au unahama?"

"Nimeanguka."

Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta, ndani, mlango una komeo, kama nilivyolala. Nikainama nikatazama chini ya kiti. Kichwani mwa bolti kulikuwa na mstari mweupe, umenyooka, umekatika ukingoni. Nikausugua kwa kidole. Haukutoka. Onodera hajawahi kukanyaga chumbani kwangu.

Nilitafuta spana. Nikafungua bolti, kiti kikaanguka, nikakiacha hapohapo.

"Unakwenda wapi bila baiskeli?" Mama Tumpe akauliza. Hajawahi kuniona hivyo.

"Darajani. Tumpe asivuke mpaka nirudi."

"Kuna nini?"

"Niliiba bolti ya daraja. Na wageni nimewadanganya."

Alitua ndoo chini. Akaenda kumzuia Tumpe.

Kurihara na Onodera walikuwa wameshafika, kofia ngumu vichwani, saa mbili bado. Nikanyoosha mkono, bolti kiganjani.

"Hii ndiyo ya pale. Nilikuwa nayo mimi."

Kurihara akaitazama. Hakuinama. Akafungua daftari. "Niandike nini, mzee?"

"Andika kwamba mzee alisema uongo. Neno kwa neno."

Akaandika. Onodera akaichukua bolti, akaipachika, akakaza kwa spana yake ndefu hadi ikagoma. Akagonga.

Ting.

Kisha akatoa kalamu apige mstari. Mkono ukamwishia njiani. Mstari wa kichwani mwa bolti ulikuwa umekutana na mwingine kwenye bamba, sawasawa, mahali ambapo jana wote sita waliona chuma kitupu.

Akaugusa ule wa kwenye bamba, akatuonyesha ncha ya kidole chake. Rangi ilikuwa bado mbichi.