Pikipiki Iliyopandishwa

Jumatatu asubuhi, kabla ya kikao, fundi alikuwa amejilaza nyuma ya ofisi akichungulia chini ya pikipiki, na yule waliyemwita Ngazi alikuwa ameikalia, magoti yake yakikaribia kidevu. Fundi alipima kwa vidole, akanung'unika maneno ambayo mafundi hujisemea wakiwa chini, kisha akainuka na kujifuta mikono kwenye suruali.

"Hebu geuza usukani kulia," alisema.

Ngazi aligeuza. Usukani ulikwenda hadi kwenye goti lake, ukagoma.

"Sasa huko mlimani kwenye kona unafanyaje?"

"Nashuka, naisukuma mpaka kona iishe, napanda tena."

"Kona ni nyingi?"

"Mlima wote ni kona."

Ngazi alikuwa mrefu kiasi kwamba taa za ofisini zikiungua alizibadilisha akiwa amesimama sakafuni, na jina lake lilitoka huko. Kazi yake ilikuwa kupeleka damu na dawa kutoka bohari ya mjini hadi zahanati ya mlimani, ambako dada yake alikuwa mkunga. Pikipiki yenyewe ilitengenezwa kwa ajili ya lami na mawe pia, na ilitoka kiwandani ikiwa imeinuka vizuri. Ila siku ya kuinunua aliyekwenda kuijaribu ni Mkuu wa ofisi, ambaye hakujaliwa kimo. Aliikalia dukani, miguu ikaning'inia, akaamuru springi zikatwe. Zikakatwa. Miguu yake ikafika chini, akasema inafaa, akashuka, na hakuikalia tena.

"Nyuma nakutafutia shokapu ndefu zaidi kwa vidole vitatu," fundi alieleza. "Mbele nazisogeza fimbo za shokapu kwenye vibano vyake. Siti naiongeza sponji, stendi ya pembeni nairefusha isije ikalala. Hapo magoti yako yatapata pa kukaa. Lakini hii mali ya ofisi, kaka, mimi sigusi nati bila neno la Mkuu. Kawaombe waipandishe."

Ngazi akaenda kikaoni na neno hilo kama alivyopewa.

Vikao vya Jumatatu viliongozwa na Mkuu, na Katibu aliandika. Mwishoni Mkuu aliuliza nani ana la kusema. Ngazi akasimama.

"Mkuu, naomba pikipiki ipandishwe."

Mkuu alilipima ombi. Lilikuwa fupi na la heshima, na ni nadra mtu kumwombea mwenzake.

"Iko kazini tangu lini?"

"Mwaka wa nne huu, Mkuu."

"Imewahi kuchelewa?"

"Hapana. Si inalala hapa hapa?"

"Imewahi kujibizana na wakubwa?"

"Hapana, Mkuu. Shida ni shokapu tu."

"Kila mtu ana shida zake za nyumbani," Mkuu alisema. "Ipandishwe."

Katibu aliandika kwamba pikipiki imepandishwa kuwa Afisa Msaidizi. Ngazi alitaka kueleza, lakini watu walikuwa wameshaanza kupiga makofi, naye hakutaka kuonekana ana wivu. Hofu hiyo ilikuwa na sababu. Yeye mwenyewe hakuwahi kupandishwa tangu aajiriwe, kwa kuwa kila zamu yake ilipofika Mkuu alimtazama, akaangalia juu zaidi, akasema, "Wewe tena upande kwenda wapi?" Watu wakacheka, na faili likafungwa.

Kesho yake asubuhi pikipiki ilikuwa imeinuka nyuma kwa vidole vitatu. Fundi aliitwa. Aliipima, akapiga goti upande wa pili, akapima tena.

"Springi zimejinyoosha zenyewe," alisema. "Kazi safi. Hata mbele kumekwenda sawa."

"Na stendi?"

"Imerefuka. Siti nayo imenenepa." Fundi aliibonyeza. "Hiyo ni kawaida wakipata cheo."

Ngazi aliipanda. Nyayo zake zilitulia kwenye vikanyagio, magoti yakakaa mahali ambapo magoti ya watu hukaa, na usukani ukazunguka kulia mpaka mwisho bila kugusa mtu. Alifurahi. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, lakini alifurahi waziwazi, akaizunguka ofisi mara mbili ndipo akaenda bohari kuchukua sanduku la baridi. Siku hiyo alipanda mlima wote bila kushuka hata kwenye kona moja. Mawe yalipita chini ya magurudumu kama ya mtu mwingine. Dada yake aliposikia mngurumo alidhani ni mgeni.

"Mbona mapema hivi, mdogo wangu?"

"Imepandishwa, dada."

"Hatimaye," dada yake alisema, akafungua sanduku. Damu ilikuwa baridi vile vile ilivyotoka bohari.

Majuma yaliyofuata yalikuwa mazuri kuliko yote aliyowahi kuyapata kazini. Akina mama waliofika zahanati hali zao mbaya waliondoka na watoto mgongoni. Habari zilimfikia Mkuu, naye si mtu wa kuacha kazi nzuri ipite bila shukrani. Jumatatu moja alitangaza kwamba huduma ya mlimani imebadilika kabisa tangu Afisa Msaidizi ashike wadhifa, na kwa hiyo anapandishwa kuwa Naibu Mkuu. Makofi yalipigwa. Pikipiki iliyokuwa imeegeshwa mlangoni iliinuka kidole kimoja zaidi palepale, na wakaiingiza ndani ili ikae mkono wa kulia wa Mkuu. Doa la mafuta lililobaki sakafuni Katibu alilizungushia chaki, likahesabiwa kuwa sahihi yake.

Kikao kilipokwisha Ngazi alikwenda kuichukua, maana kulikuwa na dawa za kupeleka. Katibu alimzuia kwa kalamu.

"Unataka kufanya nini?"

"Kuipanda."

"Kumpanda," Katibu alimsahihisha. "Utamkaliaje Naibu Mkuu? Mbele za watu?"

Ngazi alipowaza vizuri aliona kwamba hata yeye angekasirika kama mtu wa chini yake angemkalia, ila hakuwahi kuwa na mtu wa chini yake. Akamtafuta fundi. Fundi naye alikuwa ameshapigwa marufuku, kwa kuwa kumshika Naibu kwa spana kulionekana ni utovu wa adabu.

Basi akaanza kwenda kwa miguu. Mtu wa lori alimfikisha chini ya mlima, na kutoka hapo alipanda na sanduku begani. Ofisini walisema ana bahati kuzaliwa na miguu mirefu. Wengine waliongeza kwamba mafuta yameokolewa, na sifa za kuokoa mafuta akapewa Naibu.

Alhamisi moja dada yake alipiga simu kabla ya saa sita. Sauti yake ilikuwa ya kikazi, ile aliyoitumia mambo yakiwa mabaya.

"Nina mama hapa, kajifungua salama, sasa anatoka damu haikatiki. Nataka chupa mbili. Njoo sasa hivi."

Ngazi alichukua damu bohari, akakimbia mpaka ofisini. Gari la ofisi lilikuwa limekwenda kununua rangi ya kupaka banda la Naibu.

"Pikipiki ipo?" alimuuliza Katibu.

"Yupo."

"Naiomba kwa saa mbili tu. Mtu anakufa."

"Unamwomba. Yumo kikaoni."

Mlango ulikuwa wazi kidogo. Ndani Mkuu alikuwa anazungumza na pikipiki ilikuwa inasikiliza, taa yake ikimtazama Mkuu usoni. Ilikuwa imeinuka sawasawa na mwili wa Ngazi. Angeirukia, ingewaka kwa mguso wa kwanza. Alisimama pale kwa muda ambao baadaye hakujisamehe, kisha akafanya alichozoea kufanya tangu aajiriwe, akasema asante, akatoka.

Lori halikuwapo. Alikimbia, akatembea, akakimbia tena. Kona za mlima alizijua zote, na sasa hakuna hata moja iliyomlazimu kushuka.

Alipofika, yule mama alikuwa ameshafunikwa shuka. Mtoto alikuwa analia mikononi mwa bibi yake, kilio kizuri cha mtoto mwenye afya. Dada yake alikuwa ananawa mikono. Aliendelea kunawa kwa muda mrefu.

"Umekuja kwa miguu?"

"Naibu alikuwa kikaoni."

"Na si wewe uliyeiombea?"

"Ni mimi, dada."

Dada yake alifunga bomba. Alichukua zile chupa mbili, akazitazama tarehe, akaziweka kwenye friji, kwa sababu bado zilikuwa nzuri. Ngazi aliketi kwenye benchi la nje, akalia, na dada yake akamwacha alie.

Jumatatu iliyofuata habari ya marehemu ilisomwa kikaoni. Mkuu alihuzunika kweli. Aliomba watu wote wasimame kwa dakika moja, wakasimama, na ikaandikwa kwamba wa kwanza kusimama alikuwa Naibu Mkuu. Kisha wakaketi, isipokuwa Naibu na Ngazi.

"Una la kusema, kijana?" Mkuu aliuliza.

Safari hii Ngazi alikuwa amelichagua neno lake tangu mlimani.

"Mkuu, naomba pikipiki ishushwe."

"Ashushwe," Katibu alisema bila kuinua kichwa.

"Ashushwe."

Watu walikohoa. Mkuu alivua miwani. Kumshusha mtu lilikuwa jambo zito, naye hakuwa mwonevu.

"Mtu hashushwi hivi hivi. Lazima kuwe na kosa. Tuambie mbele yake mwenyewe: tangu awe Naibu, amefanya nini?"

Ngazi aliitazama pikipiki, taa yake safi, matairi yasiyo na tope. Hakuwa mtu wa kumsingizia mtu.

"Hajafanya kitu, Mkuu."

"Basi," Mkuu alisema kwa upole, akiwageukia wengine, "mmemsikia kwa kinywa chake."

Katibu akaandika kwamba hana kosa, na makofi yakapigwa. Ngazi alichukua sanduku lake la baridi akatoka kabla kikao hakijafungwa, kwa kuwa kwa miguu mlima ule unakula nusu siku.