Makochi ya Kupinga Njia ya Mabasi

Jiji liliamua kuchora njia ya mabasi peke yake kando ya barabara kuu, na njia hiyo ilipita pale pale Fundi Makochi alipokuwa akipanga makochi yake. Hakukuwa na namna ya kuichora bila kumwondoa. Upande wa pili wa barabara kulikuwa na mtaro mkubwa wa maji ya mvua, na mtaro hauhamishwi kwa barua.

Mtu asiyeijua kazi hii anaweza kusema, si ayaingize makochi dukani? Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja chenye mlango mwembamba. Ndani zilikaa mbao, marobota ya sponji, meza ya kukatia vitambaa, mshonaji wake na Fundi mwenyewe, amejibana. Kochi lililokamilika likiingia, Fundi anatoka.

Halafu makochi hayauzwi ndani. Mtu anaendesha gari lake akiwaza mambo mengine kabisa, jicho linaangukia kochi jekundu lenye mikono minene, anapunguza mwendo, anaegesha, anashuka. Hapo Fundi hataji bei. Anamwambia tu, "Kaa." Akishakaa, amekwisha. Fundi alikuwa akikata miguu ya nyuma ya kochi iwe mifupi kidogo kuliko ya mbele, na juu ya sponji ngumu alitandika sponji laini. Ukikaa unazama, magoti yanapanda juu, na kuinuka kunakuwa kibarua. Wakati bado unatafuta pa kushika ili uinuke, unajisikia unauliza bei.

Sasa pale pa kuegesha pakishakuwa njia ya mabasi, nani atashuka? Abiria wa basi hanunui kochi, Fundi alisema. Hata akilitamani kupitia dirishani, atafanya nini, alipungie mkono?

Wenye maduka wa barabara ile wakaunda kamati ya kupinga. Kila mmoja alikuwa na maneno yake. Mama wa duka la dawa alisema wagonjwa watafia njiani wakitafuta pa kuegesha, ingawa kilichokuwa kikitoka kwa wingi pale dukani kwake ni mafuta ya kulainisha ngozi. Kinyozi alisema wateja wake wote ni watu wa magari. Mtaa mzima ulijua kuwa wateja wa kinyozi huja na kandambili, lakini hakuna aliyecheka, kwa sababu kila mmoja alikuwa na uongo wake wa kulindwa. Muuza vipuri alisema mabasi ni adui wa maendeleo. Alipoulizwa kivipi, alisema hilo ni swali la kitoto.

Fundi wakampa uenyekiti. Kinyozi alisema ndiye mwenyekiti pekee aliyemjua ambaye viti anavyo kweli. Fundi akacheka, lakini cheo kilimpanda kichwani. Alianza kutembea na kalamu kifuani, mtu ambaye vipimo vyote huviandika kwa chaki kwenye mbao.

Nyumbani hakukuwa na kamati. Mkewe alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia mashuka cha hospitali, upande wa pili wa mji. Aliondoka watoto wamelala na kurudi watoto wamelala, na katikati yake kulikuwa na mashuka yenye damu na mabasi mawili ya kwenda na mawili ya kurudi. Akifika huvua viatu mlangoni, anakaa kwenye kigoda na kutia miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Fundi alikuwa ameiona miguu ile imevimba kwa muda mrefu hata akaizoea, kama mtu anavyozoea ufa wa ukuta.

Usiku mmoja, kabla ya mkutano wa hadhara ulioitishwa na diwani ili mtaa uipigie kura njia ile, alimwelezea mkewe mpango wote, akimzunguka pale kigodani. Alimwambia lazima awepo, akae mbele kabisa, diwani aone kuwa hata familia ya mwenyekiti imesimama imara.

"Nikiwahi," mkewe alisema.

"Uwahi. Omba ruhusa."

"Ruhusa nitapewa. Basi je, nalo litanipa?"

Fundi akasema hayo ndiyo mambo ya kukata tamaa, na kwamba mke wa mwenyekiti hapaswi kuongea hivyo. Mkewe akaongeza maji ya moto kwenye beseni.

Mpango wenyewe ulikuwa huu. Ukumbi wa mtaa ulikuwa na viti vichache vya plastiki, vingi vikiwa na nyufa zinazobana makalio. Fundi alikata shauri kupeleka makochi yake yote ukumbini. Watu wa kamati, jamaa zao na wapangaji wao waende mapema, wakae, wajaze ukumbi. Wale wanaotaka njia ya mabasi ni watu wa mabasi, kwa hiyo watachelewa. Watakuta hakuna pa kukaa. Mtu aliyetoka kazini hawezi kusimama mkutano mzima. Watakula kona mmoja mmoja, na kura itabaki na wenye kukaa.

"Mwenyekiti," kinyozi alimwambia, "wewe ungesoma kidogo tu, leo tungekuwa tunakuomba miadi."

Siku ya mkutano walikodi mikokoteni. Makochi yalisukumwa katikati ya barabara kuu saa ya watu kutoka kazini, moja nyuma ya jingine, yamefunikwa turubai kama maiti za wanene. Magari yakakwama nyuma yao. Madereva walipiga honi, wasukumaji wakajibu kwa matusi, muuza vipuri akapanda juu ya kochi moja kuelekeza msafara na kuzidisha msongamano. Basi alilopanda mke wa Fundi lilikuwa humo humo, nyuma kabisa, na abiria walishuka wakamalizia safari kwa miguu. Mhandisi wa jiji naye aliacha gari akafika ukumbini akiwa amebeba ramani begani, shati limemganda mgongoni.

Alipoingia alikuta ukumbi umegeuka sebule. Mbele yote ilikuwa makochi, na ndani ya makochi wapinzani wa njia ya mabasi walikuwa wamezama, magoti juu, mikono imejitandaza. Fundi peke yake alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na meza ya diwani, kwa heshima ya cheo. Diwani, mtu mzito aliyependa mikutano inayokwisha, alikuwa ameletewa kochi la rangi ya ugoro, na uso wake ulionyesha kuwa mkutano sasa unaweza kuendelea hata hadi kesho.

Mhandisi akatundika ramani, akaonyesha mstari wa buluu. Akaeleza kuwa basi moja hubeba watu wa magari mengi. Mama wa duka la dawa akauliza hao watu wakishuka wote pamoja watasimama wapi. Mhandisi akasema watakwenda zao. Mama akasema hilo jibu halikufanyiwa utafiti. Alitaka kuliongea amesimama, akajisukuma mara mbili, kochi likamrudisha, akamalizia akiwa amelala nusu.

Kufikia hapo watu wa mabasi walikuwa wameanza kuingia. Walikuja wafuaji wa hospitali, walinzi, wanafunzi wa jioni, wapagazi wa sokoni. Walijipanga nyuma, kisha kando ya kuta, kisha katika nafasi zilizobaki kati ya kochi na kochi. Fundi aliwaangalia akisubiri waondoke. Hawakuondoka. Ilikuja kumwingia polepole kwamba hawa ni watu ambao kusimama muda mrefu, wakisukumwa na mifuko ya wenzao, ndiyo shughuli yao ya kila siku. Ukumbi, tofauti na basi, haukuwa hata ukitikisika.

Mlinzi mmoja aliongea. Alisema analinda ghala, na zamu yake inaanza usiku, na mara mbili mwezi huo aliingia akakuta mwenzake ameshachoka kumsubiri ameondoka, na ghala liko wazi. Alisema mwizi hachelewi. Kinyozi akamshauri ahamie karibu na kazi. Mlinzi akamuuliza kama ana chumba cha kupangisha. Kinyozi akasema anacho, akataja kodi yake, na watu wa nyuma wakacheka hadi diwani akagonga meza.

Muuza vipuri hakuchangia. Alikuwa amelala, mdomo wazi, tangu mstari wa buluu.

Pale mtaani kura hupigwa kwa kusimama. Zamani walinyanyua mikono, ila iliwahi kutokea wengi wakanyanyua yote miwili, na matokeo yakazidi idadi ya wakazi. Tangu hapo ikawa ni kusimama, kwa kuwa mtu hawezi kusimama mara mbili kwa wakati mmoja. Kila mtu alilijua hilo. Fundi alilijua kuliko wote, maana alikuwepo siku ile na alikuwa miongoni mwa wenye mikono miwili. Lakini kwa wiki nzima alikuwa akiwaza namna ya kuwakalisha watu wake, na hakuwaza hata mara moja jinsi watakavyoinuka.

"Wanaotaka njia ya mabasi wasimame," diwani akasema.

Nyuma yote, kuta zote, mapengo yote yalikuwa yamesimama tayari. Karani akaanza kuandika.

Fundi akaruka. Akasema hao wamesimama kwa kukosa viti, si kwa kura, na kwamba huo ni ujanja.

"Viti kavijaza nani?" sauti ya nyuma ikauliza.

Diwani akafuta jasho. Akasema sawa, tugeuze, ili pasiwe na lawama. Wanaopinga wasimame, na wanaotaka wakae.

"Tukae wapi, mheshimiwa?" mlinzi akauliza.

"Popote penye nafasi."

Neno hilo ndilo lililommaliza Fundi. Watu wa nyuma wote walipiga hatua moja mbele, macho kwenye makochi. Mlinzi akasimama nyuma ya egemeo la mama wa duka la dawa, kama mtu anayesubiri simu. Mama alikuwa ameshashika mikono ya kochi, ameshajisukuma. Akageuka, akamwona. Akarudi chini taratibu na kuweka mkoba wake pembeni, kwenye nafasi iliyobaki.

"Inukeni, jamani," Fundi akasema.

Hakuna aliyeinuka. Mzee mmoja mpangaji alijaribu kwa nia njema kabisa, akafika nusu, magoti yakamgomea, akarudi na kishindo. Wengine walitazama dari. Kinyozi alitikisa kichwa kwa masikitiko.

"Mimi nimesimama moyoni, Mwenyekiti," alisema.

"Ya moyoni haihesabiwi. Inuka."

"Nikiinuka, huyu mama aliyesimama nyuma yangu anakaa. Umeuona mfuko wake? Ameshaunyanyua."

"Si ni kura ya dakika moja?"

"Na kukaa ni kwa muda gani? Wewe uliyeyatengeneza njoo utuvute."

Fundi alimvuta kweli. Alimshika kinyozi mikono yote miwili akavuta, mguu umekanyaga mbele ya kochi, na kochi ndilo lililosogea. Watu wa mabasi, walipoona hakuna kochi litakaloachwa, walianza kukaa chini kwenye saruji, mstari kwa mstari, wakitandaza kanga, magazeti, mifuko. Ukumbi ulipotulia, Fundi aliona karibu na mlango mwanamke mmoja amekaa sakafuni, ameegemea ukuta, viatu vyake viko pembeni na miguu amenyoosha. Alikuwa mkewe. Mlangoni alipokuwa kulikuwa na nafasi tele ya kuendelea kusimama.

Walitazamana. Mkewe hakukwepesha macho.

"Naona mmoja," diwani akasema, akimaanisha Fundi. "Karani, andika mmoja."

Watu walipokwisha kuondoka, mkewe alimsaidia kufunika makochi. Walishika turubai huku na huku. Mwishowe Fundi akamwambia kuwa hakujua kama anaitaka ile njia.

"Hukuniuliza."

"Ungesema mwenyewe. Mimi nauza nini sasa? Watoto watakula nini?"

"Watakula mshahara wangu, kama wanavyokula mwezi ambao kochi halitoki. Miaka yote hii unafikiri mwezi ule wanakula nini?" Akafunga kamba kwenye kona yake ya turubai, akaikaza. "Na duka nalijua. Najua kura niliyoipiga inakuondolea nini. Usifikiri nilikaa pale chini nikifurahi."

Alivaa viatu, akashindwa kuufunga wa kulia, akauacha hivyo hivyo.

Njia ya mabasi ilichorwa kabla ya mvua. Fundi alihamia uchochoroni nyuma ya soko, mahali ambapo gari haliingii na anayepita hutazama chini asikanyage tope. Mkewe anafika nyumbani jua lingalipo, na beseni limerudia kazi yake ya kufulia. Kwenye kochi la nyumbani hukaa upande huu, mumewe upande ule. Wanaongea mambo ya watoto.

Fundi mwenyewe, ukimuuliza ule mkutano ulimgharimu nini, hahitaji kufikiri. Makochi mawili yalivunjika miguu, kwa kukaliwa na watu wanne wanne. La rangi ya ugoro halikurudi, liko ofisini kwa diwani, ambaye anasema analitunza. Mshonaji wake alikwenda kutafuta karakana yenye wateja. Yeye na kinyozi hawasalimiani. Uenyekiti ulikwisha siku ile ile. Nafasi ya barabarani, iliyokuwa ikichukua makochi tisa, ilikwisha yote. Na mkewe alimpigia kura ya kumpinga, mbele ya watu.