Sauti Mbili za Mama Spika

Muuzaji aliniuliza swali jepesi tu, nami nikamjia juu.

"Dada, unataka kurekodi nini? Mihadhara, muziki au mahojiano?"

"Nataka kumrekodi mama yangu," nikamjibu. "Kuna mashine ya kurekodi mama?"

Watu waliokuwa wakichagua spika za masikioni wakageuka kunitazama. Muuzaji, mwanamume wa makamo ambaye miwani yake ilikuwa imeshukia nchani mwa pua, hakukasirika. Alivuta stuli akaniambia nikae. Mtu akikupa stuli nawe umepandisha mori, unaona haya. Nikakaa, nikamweleza. Mama ana kansa ya koo. Jumatatu anafanyiwa upasuaji, wanatoa kisanduku chote cha sauti. Daktari ana matumaini makubwa kwamba atapona, lakini kuzungumza ndiyo basi. Leo Alhamisi. Mimi ni msusi, mikono yangu inajua nywele, haijui nyaya.

"Pole sana, dada. Simu haikufaa?"

"Nilijaribu. Siku hizi sauti yake imeshuka, ina mikwaruzo. Simu inasikia feni kuliko inavyomsikia yeye."

Akapanga vinasa sauti vitatu juu ya kioo cha kaunta. Cha kwanza kilikuwa kidogo kama kiberiti cha gesi, na ukisukuma kitufe pembeni kinatoa kiulimi cha kuchomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, bila waya. Cha pili kilikuwa cha wastani, chenye kadi ya kuchomoa. Cha tatu kilikuwa cheusi, kizito mkononi, na juu yake zimesimama maiki mbili kama masikio ya sungura.

"Hiki ndicho wanachotumia watu wa redio," alisema. "Kinasikia mpaka pumzi. Lakini usichague kwa macho. Vaa hizi spika, nikurekodi kwa vyote vitatu, usikie mwenyewe."

"Nipe hicho cheusi."

"Hata hujasikiliza, dada."

"Mama yangu hawezi kukaa ndani ya kiberiti," nikasema, na nikasimama.

Akanifungia, akaniambia kisiponifaa nikirudishe hata kesho yake, anibadilishie.

Hapa lazima nieleze mama ni mtu gani. Tangu sijazaliwa hadi alipostaafu, alikuwa mtangazaji wa kituo cha mabasi. Alikaa kwenye chumba cha vioo, maiki mbele yake, akiwaambia watu basi lipi linaondoka, lipi limechelewa, mtoto gani amepotea na amevaa nini. Mtaa mzima unamwita Mama Spika. Na Mama Spika alikuwa na sauti mbili. Ya kituoni ilikuwa taratibu, kila neno limepigwa pasi. Ya nyumbani ilikuwa mbio, yenye vicheko vinavyoingia katikati ya maneno, sauti ya kukuita kutoka jikoni mpaka chumba cha nyuma bila mwenyewe kunyanyuka. Tukikunja mashuka ndiyo usiseme, maana kukunja shuka ni kazi ya watu wawili na mimi sijawahi kuiweza. Hiyo ya nyumbani ndiyo iliyonilea, na hiyo ndiyo niliyoitaka.

Tunaishi naye, mimi na mume wangu. Nilimkuta jikoni anachambua mchele. Nikaweka kinasa mezani, nikawasha, taa nyekundu ikawaka.

Mama akayaona yale masikio ya sungura. Akapangusa mikono. Akanyoosha mgongo. Akasafisha koo lake lile bovu, mpaka nikaumia mimi.

"Abiria wapendwa," akasema.

Nikacheka, nikidhani ni utani. Haukuwa utani.

"Mama, zungumza kawaida."

"Ninazungumza kawaida. Mimi ni mtangazaji mstaafu wa kituo kikuu cha mabasi. Nilizaliwa nikiwa mtoto wa tatu katika familia ya watu wa kilimo."

Akaendelea hivyo hivyo, maisha yake yote akayasoma kama ratiba. Harusi yake ikawa na saa ya kuondoka. Kifo cha baba akakitangaza kwa masikitiko, kama anawaomba radhi abiria. Nikazima mashine. Papo hapo akanitazama, akaangua kicheko chake cha mkwaruzo.

"We, mbona umenuna? Mdomo umeuchomoza kama birika!"

Lo! Ndiyo hiyo! Nikabonyeza haraka kurekodi.

"Karibuni tena," akasema mama, mgongo wima.

Asubuhi yake nikataka kusikiliza vizuri kwenye kompyuta ya mume wangu. Huyo mume wangu ni mpole, mtu wa kumwambia mbu samahani. Alinikabidhi kompyuta kwa maneno mawili tu, "Usiipige," akaenda kazini. Waya uliokuja na kinasa niliuona mfupi, nikautupa kando, nikachukua wa simu yangu. Ukaingia sawasawa. Kinasa kikaonyesha kinachaji. Kompyuta, kimya. Nikachomoa, nikachomeka, nikageuza, nikapuliza, nikatukana. Kimya kile kile.

"Hasira hasara," mama akasema kutoka chumbani kwake. Na hakuna maiki iliyomsikia.

Nikampigia muuzaji.

"Waya huo ni wa chaji tu, dada. Unapitisha umeme, faili hazipiti. Tumia uliokuwa kwenye boksi. Halafu kioo cha kinasa kitakuuliza, umekichomeka kwa ajili ya umeme au kwa ajili ya kompyuta. Chagua kompyuta."

Nikafanya hivyo, na folda ikafunguka kama haijawahi kunisumbua. Nikavaa spika za masikioni. Kweli kilisikia mpaka pumzi. Nilisikia mchele ukianguka kwenye ungo, mlango wa jirani, mama akimeza mate. Nikasikiliza mpaka mwisho, na mama yangu hakuwamo. Alikuwamo mtangazaji wa kituo.

Hapo nikaogopa, nasema kweli. Sikuogopa upasuaji peke yake. Niliogopa kwamba iko siku nitakaa nijaribu kumkumbuka, na kitakachonijia masikioni ni basi limechelewa. Nikalia pale pale mbele ya kompyuta ya watu.

Nikarudi dukani mbio.

"Nipe kiberiti," nikamwambia muuzaji. Hakuniuliza kitu, akanibadilishia. Alipokuwa akinionyesha kitufe cha kuwasha na spika yake ndogo ya kusikilizia akasema, kama anazungumza na miwani yake, "Hiki hakionekani kama maiki. Wapo watu wanaokipenda kwa ajili hiyo."

Wazo nikalipata njiani, na niliona nimepata akili za ajabu. Nikakiwasha, nikakificha jikoni nyuma ya kopo la sukari, nikamwita mama tunywe chai. Kati ya makopo yote ya dunia hii, mama akaenda kwenye la sukari.

"Hiki nini?"

"Kiberiti."

"Kiberiti chenye taa nyekundu."

 Akakizima, akakiweka mezani katikati yetu, akaketi.

"Unaniwinda, mwanangu? Ndani ya nyumba?"

"Nilikuomba uzungumze kawaida, ukanisomea ratiba!"

"Usinipandishie sauti. Yangu ndiyo inayokwisha, yako itakuwepo." Akakohoa, akasubiri koo litulie. "Sikiliza. Mimi nikiwekewa maiki mbele najua kuna watu nisiowaona, wananisikiliza. Nikiteleza neno moja, mtu anapanda basi silo, anashukia asikokujua. Mwili umezoea hivyo. Ukiniwekea maiki, mimi niko kazini. Sikufanyii makusudi."

"Sasa mimi nifanyeje? Sauti ya abiria siitaki! Nataka ya kwangu."

"Ya kwako ipi?"

Ilinitoka bila kufikiri. "Ya kunigombeza."

Mama akanitazama. Kisha akacheka, akacheka mpaka kikohozi kikamzidi nikamshika mgongo, na bado anacheka.

"Si ungesema tangu jana! Wewe umeniomba nizungumze. Mtu hagombezi hewa, mama. Kugombeza kunataka mtu, na mtu mwenyewe awe na kosa." Akakipangusa kile kiberiti kwa kanga, akakiangalia huku na huku. "Nikiweke mfukoni, lakini usinifiche kitu tena. Nikijua kipo, na macho yangu hayakioni, nadhani tutaelewana. Kesho mashuka niliyofua yakikauka, uje tuyakunje."

Jumamosi tukasimama ukumbini, kila mmoja na upande wake wa shuka. Kinasa kilikuwa kwenye mfuko wa aproni yake, kimewashwa, na alikiwasha mwenyewe. Mwanzoni alikuwa na mgongo wima kidogo. "Tafadhali shika upande wako," akaniambia, na moyo wangu ukaanza kushuka. Kisha mimi nikakunja.

"Pembe kwa pembe!" mama akapiga kelele. "Pembe kwa pembe, we mtoto! Hivi unakunja shuka au unafunga mzigo wa kuni? Tazama! Tazama alivyolivuta! Nywele za watu unazigawa njia zimenyooka kama rula, shuka la mama yako unalifanya kitambaa cha kufutia baiskeli. Mkwe wangu alikuoa kwa nini sijui, labda alikuwa hana mashuka!"

Vicheko vilikuwa vinamkatiza maneno, na mikwaruzo inamkatiza vicheko. Nikajibizana naye. Akanijibu. Shuka la kwanza, la pili, foronya. Kukunja shuka kunakuwa hivi: mnaanza mbali, kila mkunjo unawasogeza, mwisho mikono yenu inakutana. Kwenye shuka la mwisho mikono yetu ilipokutana, mama hakuachia.

"Hasira zako hizi," akasema polepole, kwa sauti ile ile ya nyumbani, "nikishakuwa bubu, atazizima nani?"

 Nikalichukua shuka, nikaenda kuliweka kabatini.

Alasiri hiyo hiyo tukaketi wawili mbele ya kompyuta. Nikasukuma kiulimi cha kinasa, nikachomeka. Ukatokea ujumbe kwamba kifaa hakisomeki, je, ningependa kisafishwe ili kitumike? Chini yake, ndiyo na hapana. Nilikuwa na pupa ya kusikia. Kidole changu kilikuwa kimeshafika kwenye ndiyo, mama akanipiga kofi la mkononi.

"Soma kwanza!"

"Nimesoma. Kinataka kusafishwa."

"Mtu akija kukusafishia nyumba, si unamuuliza kwanza anatupa nini nje? Piga simu."

Muuzaji aliposikia, alivuta pumzi mpaka nikaisikia. "Dada, nakuomba, usiguse ndiyo. Hicho kitafuta kila kitu. Chomoa taratibu, jaribu tundu la upande wa pili. Huenda hilo limelegea."

Tundu la upande wa pili likakisoma mara moja. Faili mbili: fupi ya jana, na ndefu ya tarehe ya leo. Nikabonyeza hiyo ndefu, nikaisogeza mbele kidogo, na mle ndani ya kompyuta mama akapiga kelele, "Pembe kwa pembe!" Haya ndiyo niliyokaribia kuyafuta. Nikainakili kwenye kompyuta, nikainakili kwenye simu ya mume wangu. Kinasa chenyewe nikamrudishia mama. Akakitumbukiza mfukoni.

Jumatatu wakamtoa kile kisanduku. Upasuaji ulikwenda vizuri. Aliporudi nyumbani alikuwa na kitambaa laini shingoni, anapumulia tundu lililotobolewa pale kooni, na ubao mdogo wa kuandikia anaotembea nao. Alinenepa kidogo. Alikuwa mzima, na mimi nilishukuru. Lakini nyumba ilikuwa kimya, na mimi nikawa mpole kupita kiasi, naongea naye kwa sauti ya hospitalini. Ile faili sikuifungua. Kila nikiisogelea, vidole vinakataa.

Upole wangu haukudumu. Siku moja nilirudi kutoka saluni damu inachemka. Mteja alikuwa amekaa kwenye kiti changu tangu asubuhi, nikamsuka mpaka vidole vikafa ganzi, kisha akajitazama kwenye kioo akasema nimfumue. Nikaingia ndani nikiongea peke yangu, nikamkuta mama ukumbini ameshika upande mmoja wa shuka, ananisubiri. Nikashika wa pili.

"Eti nimfumue! Mtu mzima na akili zake! Nikamwambia, dada, hizo nywele zako si za kukodisha." Nilivuta, nikakunja, nikavuta tena. "Na kesho akija, haki ya nani, kesho akija..."

Mama akaachia shuka kwa mkono mmoja. Akaingiza ule mkono mfukoni mwa aproni. Nilidhani anatafuta chaki.

"Pembe kwa pembe, we mtoto! Hivi unakunja shuka au unafunga mzigo wa kuni?"

Nikasimama kama nimepigiliwa. Mama alikuwa ananitazama, nyusi moja juu, midomo imefumba kabisa, mabega yanamtikisika kwa kicheko kisicho na sauti. Sijui alikaa peke yake muda gani akibonyeza kinasa mbele na nyuma mpaka akapata mahali hasa pa kuanzia.

Yule mteja akanitoka kichwani. Nikalikunjua shuka, nikarudi nyuma hatua, nikaanza kutafuta pembe. Lakini machozi yalikuwa yamenijaa, sizioni vizuri, nikakamata katikati ya pindo badala ya pembe.

Mama akabonyeza tena.