Wachimba Kaburi wa Suhi Dol

Nevenka alipanga mezani mkate, nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi na chupa ya pombe ya plamu, kama walivyoandaliwa wachimba kaburi tangu zamani. Baba yake, Tadija, alikuwa kwenye jeneza chumba cha pili. Padri angefika mchana.

Aliyebisha hodi ni mzee Joso peke yake, sururu begani, theluji magotini.

"Wenzako wako wapi, mzee Joso?"

"Wenzangu nimeshawazika. Nimiminie hiyo, tuanze."

Nevenka alijua, ila alikuwa ametandika meza ya watu wengi hivyo hivyo. Utotoni mwake kijiji cha Suhi Dol kilijaa nyumba. Vita viliunguza nusu, waliobaki wakafuata kazi mji mkuu Zagreb, Ujerumani, Ireland. Shule ilikuwa imeota miti ndani. Moshi ulikuwa ukitoka nyumba mbili tu, ya kwao na ya Joso.

Jana kaka yake, Krešo, alipiga simu kutoka Dublin. "Mpeleke mjini achomwe, dada. Huko juu nani atachimba?"

"Baba alitaka alazwe na mama."

"Basi chimba wewe."

Krešo akakata simu. Kijijini mwao mfiwa hashiki sururu. Kaburi la familia ni moja, na anayelifungua hukutana na waliotangulia. Jirani ndiye hukutana nao kwa niaba yako: hukusanya mifupa kwenye shuka jeupe, huifunika, ndipo hukuita. Mama yake alikuwa humo zaidi ya miaka kumi. Nevenka aliomba jambo moja tu, asimwone.

Makaburini alisimama ameupa mgongo mlio wa sururu. Ardhi ilikuwa imeganda. Alisikia pigo, kikohozi, pigo, kisha kimya. Alipogeuka, Joso alikuwa ameketi shimoni, uso kama jivu.

"Acha, mzee Joso."

"Bado kidogo tu nimfikie."

"Utanifia hapa, nizike wawili?"

"Utakuwa umempunguzia padri safari ya pili." Alicheka, kikohozi kikamkatiza. Akajaribu kushika mpini, vidole vikagoma.

Nevenka akamvuta nje, akashuka yeye. "Geuka basi wewe," alimwambia. Mzee akaugeukia ukuta wa makaburi.

Zilikuja mbao zilizooza, kisha kiatu. Alikijua. Alikinunua mwenyewe mjini Gospić, cheusi, chenye kifungo pembeni, na mama alilalamika kwamba kinambana. Alitandika shuka akaokota mifupa, mmoja mmoja. Ilikuwa midogo kuliko alivyodhani. Fuvu alilichukua amefumba macho, lakini vidole vyake viliona.

Padri na dereva wa gari la maiti walisaidia kuteremsha jeneza. Sala ilipeperushwa na upepo. Gari lilipoondoka, Joso alikuwa bado amesimama.

"Nisamehe, mwanangu. Ile ilikuwa kazi yangu."

"Ulifanya ulichoweza."

"Mke wangu yuko pale, karibu na lango." Akaonyesha kwa kidole. "Mimi nitafunguliwa kaburi na nani?"

Nevenka alikuwa akisugua udongo wa kwenye kucha kwa theluji. Haukutoka.

"Si mimi," alisema. Hakukusudia kulitamka neno hilo.

"Najua," alijibu mzee.

Wakashuka kilima, mzee mbele, polepole, na Nevenka nyuma yake asijue aiweke wapi mikono.