Sahihi ya Mulama

Mwaka 1980, katika ukumbi wa kanisa mtaani Kaloleni, Kavutha Nzomo alifundisha darasa la ngumbaru kila Jumanne na Alhamisi jioni. Alikuwa amesoma historia chuoni, akaamini kwamba watu wazima wangezishika herufi upesi kama wangejua zilikotoka. Aliwaeleza kwamba karibu miaka elfu nne iliyopita, pengine katika machimbo ya Sinai, wageni wasiojua maandishi ya Wamisri walichukua picha zao chache wakazifanya sauti. A ilikuwa kichwa cha ng'ombe; siku hizi pembe zimeelekea chini. M ilikuwa mawimbi ya maji, L fimbo ya mchungaji, U kulabu.

Mulama, kibarua wa kiwanda cha rangi, ndiye aliyefurahi zaidi. "Kumbe jina langu ni boma zima, mwalimu! Maji, kulabu, fimbo, ng'ombe, maji tena, ng'ombe tena."

"Na huna hata mbuzi," Makokha, jirani yake wa dawati, alimtania.

Kufikia wiki ya tatu Mulama aliandika jina lake bila kutazama ubao. Kavutha alijua kwamba Mulama hawezi kusoma neno lolote. Alilichora jina lile kama mtu anavyochora nyumba. Lakini kanisa lilidai idadi ya waliofuzu, naye akatia sahihi cheti kilichosema Mulama anajua kusoma na kuandika. Phelister, mkewe Mulama, alikitundika ukutani.

Mwezi wa Agosti mikebe ishirini ya rangi ilipotea kiwandani. Polisi walimhoji Mulama, wakaandika maelezo kwa Kiingereza, kisha wakamsogezea wino aweke kidole gumba. Alikataa. Aliomba kalamu, akaandika jina lake.

Utaratibu ulikuwa huu: asiyejua kusoma huweka kidole, na maelezo husomwa kwake mbele ya shahidi. Anayetia sahihi huhesabiwa kuwa amesoma mwenyewe. Karatasi ile ilisema kwamba Mulama amekiri wizi.

Mahakamani Kavutha alieleza kwamba mshtakiwa hawezi kusoma. Mwendesha mashtaka aliinua cheti ambacho polisi walikichukua nyumbani kwa Mulama siku ya msako.

"Sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Na maneno haya ni ya kweli?"

"Si ya kweli. Nilidanganya."

"Ulidanganya siku ile, au unadanganya leo?"

Kavutha aliomba mshtakiwa apewe neno lenye herufi za jina lake mwenyewe, alisome kwa sauti. Hakimu aliandika MAMA, karani akampelekea. Mulama aliitazama karatasi kwa muda, kisha akamtazama mwalimu. Alitaka kumsaidia, kwa hiyo alisema alichofundishwa.

"Maji, ng'ombe. Maji, ng'ombe."

Watu waliangua kicheko. Hakimu aligonga meza. "Unadhani hapa ni mnadani?"

"Mheshimiwa, hivyo ndivyo nilivyomfundisha," Kavutha alisema. "Anaona picha. Hajui kwamba—"

"Keti, mwalimu."

Hukumu ilichukua dakika nne. Shahidi ameikana hati aliyoitia sahihi mwenyewe, kwa hiyo hategemewi. Mshtakiwa anaigiza ujinga. Kifungo cha miezi kumi na minane.

Nje ya chumba cha mahakama Phelister alimzuia Kavutha. "Ulijua tangu mwanzo?"

"Nilijua."

"Na sisi ukatuacha tukikitundika."

Phelister alimpita, akaenda kusimama karibu na mlango wa mahabusu.

Huko askari alikuwa amefungua daftari la mali za wafungwa: mshipi mmoja, kamba za viatu, kofia. Mulama alinyoosha kidole gumba.

"Acha mchezo, mzee," askari alisema. "Wewe ni msomi." Akampa kalamu.

"Hapa pameandikwa nini?"

"Tia sahihi, gari linangoja."

Mulama aliandika jina lake, polepole, bila kosa.