Mji Niliopewa na Mjomba

Jino la baba liliangukia mapajani mwangu likiwa bado na joto. Nililifumbata kiganjani kama mtoto anavyoficha peremende, nikatazama mbele. Mwanaume aliyempiga alikuwa anapangusa kitako cha bunduki kwenye suruali yake, polepole, kama mtu aliyemaliza kula.

Nilikuwa na miaka tisa, mwaka ule wa sabini na mbili, na kosa lilikuwa langu.

Sisi ni watu wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura. Baba yangu, Shaabani, alikuwa makanika, na alikuwa na kitu ambacho mtaa mzima hakuna mwingine aliyekuwa nacho: karavani, kinyumba cha bati chenye magurudumu mawili. Mbelgiji mmoja alimwachia alipokuwa anarudi kwao baada ya uhuru. Mbwa wake naye akabaki, maana alikataa katakata kutoka chini ya karavani. Aliitwa Kapiteni. Mama alimruhusu kila pahali ila ndani. Malaika hawaingii penye mbwa, alisema, na hata tulipopiga kambi ziwani alimwekea sahani yake mbali.

Siku za mapumziko baba alikuwa anaifunga karavani nyuma ya kamioneti, gari lake dogo la mizigo, tunashika barabara ya kusini mpaka pale milima inaposhuka kuchovya miguu ziwani. Hapo ndipo tulipokuwa Jumamosi ile. Mama alikaanga mikeke, samaki wa ziwa lile. Kaka yake, mjomba Atumani, mshona nguo, mtu wa kuchekesha hata waliofiwa, aliogelea na Kapiteni mpaka wote wawili wakawa wanatetemeka.

Kabla ya magharibi tukategana vitendawili. Kwetu anayeshindwa hutoa mji. Mimi nilikuwa nimetunga kimoja changu mwenyewe, nikamtegea mjomba:

"Wenzangu mvua ikinyesha wanaingia ndani. Mimi ndiyo natoka, na nyumba ninayo mgongoni."

Mjomba akagonga ubavu wa karavani, akasema ni hii hapa. Nikakataa. Akazunguka weee, akataja hiki na kile, akachoka. Nikadai mji, akanipa Rumonge, kwa sababu ndiyo iliyokuwa mbele yetu barabarani. Nikaringa kama desturi inavyotaka: nimekwenda Rumonge, nimepokelewa, nimekula, nimekunywa, Rumonge ni yangu. Ndipo nikampa jibu: konokono. Akanivuta sikio, akasema wanawake wa kwao wote ni wanyang'anyi.

Nililala tajiri. Mtoto mwenye mji wake.

Asubuhi moshi ulikuwa umesimama upande wa kusini, mweusi, mwingi. Watu walipita mbio barabarani, mwanamke mmoja amejifunga kichwa kwa kitambaa kilicholowa damu. Walisema waasi wameingia Rumonge, watu wanakatwa. Baba hakumaliza hata chai. Akafunga karavani, tukageuza kurudi mjini.

Bariyeri waliyoifunga barabarani wanaume wenye bunduki na mapanga, wakiwasaka waliotoka Rumonge, ilikuwa magogo mawili ya mchikichi. Kando, mtaroni, watu walilala kifudifudi, mikono imefungwa nyuma kwa kamba. Mmoja alikuwa na kiatu kimoja. Nilidhani wameambiwa walale hivyo. Nzi ndio walionieleza.

Baba alisema kwa adabu kwamba sisi ni watu wa mjini, tulikuwa matembezini tu. Mkubwa wao, mwenye kofia ya sufu, alipekua karavani, akakuta masufuria na mikeka, akacheka. Alikuwa karibu kutuachia. Kisha akainama dirishani, akaniangalia mimi, sauti laini kabisa.

"Na we, mutoto? Unatoka wapi?"

Nilitaka kumfurahisha. Nilitaka acheke tena. Nikamringia kama nilivyomringia mjomba: nimekwenda Rumonge, nimepokelewa vizuri, Rumonge ni yangu.

Ndipo jino likaruka.

Wakamvuta baba chini, wakampigisha magoti. Kapiteni aliruka kutoka nyuma ya kamioneti, akauma mkono wa kwanza aliouona. Panga likamwingia mgongoni, likarudi, likamwingia tena. Alijikokota mpaka chini ya karavani, pahali pake, akafia hapo. Panga lilelile, na damu yake, likawekwa shingoni mwa baba.

Mama alilia kwamba ni mchezo, ni vitendawili vya watoto.

"Kama ni muchezo," akasema yule wa kofia, "anitegee."

Nikatega. Sikukosea neno. Akafikiri. Akaitazama karavani, akatabasamu.

"Ni hii nyumba yenu."

"Apana," nikasema. Sikujua kudanganya. Mama alifumba macho.

Nyuma yake wenzake wakacheka kidogo. Akawageukia, wakanyamaza. Akarudi kwangu.

"Basi nakupa Bujumbura. Muende." Panga likainuka shingoni mwa baba. "Lakini Rumonge, nani alikupa?"

Kidole changu kilikuwa kimeshaanza kuinuka. Mjomba Atumani alikifunika kwa kiganja chake chenye makovu ya sindano, akakikunja taratibu mpaka kikawa ngumi.

"Ni mi," akasema. "Mi ndiye nilimupa."

Alivua futi ya kamba ya kupimia nguo aliyozoea kuning'iniza shingoni, akaiweka mapajani mwa mama, akashuka. Hawakungoja tuondoke. Baba alisukuma magogo huku damu ikimtoka kinywani, na mimi nikasikia rungu. Sauti yake ni ile ya mwanamke anayekung'uta mkeka. Mjomba aliita jina la mama mara moja tu. Karavani waliifungua, ikabaki pale na mbwa wake.

Mpaka wanazikwa, baba na mama hawakuwahi kulitaja kosa langu.

Sasa nina wajukuu, na vitendawili wananidai kila siku. Nawategea, wanazunguka, wanachoka. Mwanne, yule mdogo, amesikia kwa wenzake habari ya kutoa miji, akataka kunipa Gitega. Nikamwambia kwa bibi hakuna mji, jibu linatolewa bure.

Yule mtu wa kofia hakuwahi kuniuliza jibu.

Mvua ikinyesha, konokono wanapanda ukuta wa ua. Siruhusu mtu awatie chumvi. Wajukuu wanakimbilia ndani, wananiita, bibi utalowa. Mimi ndiyo natoka.