Kuni za Kukaangia Soya

Eseri alimnyanyua kifaranga mwenye damu mkiani kabla wenzake hawajammaliza. Alimpaka majivu kwenye kidonda, akamtia kikapuni pamoja na majeruhi wengine, kisha akarudi bandani kuwatawanya wale waliokuwa wakigombania unyoya mmoja.

Walikuwa kuku wa nyama, wale weupe, wa wiki mbili. Kwa umri huo kifaranga hujaa mkononi. Hawa walikuwa mbavu na midomo tu.

Mradi wa ufugaji uliwaleta kijijini Muhokya kwa shangwe wakiwa wa siku moja, ukawagawia wajane kama Eseri, ukaahidi kwamba chakula chao kingefika wiki hiyo hiyo. Wiki hiyo ilipita, ikaja nyingine, na kilichofika ni kibao. Kilikuwa cha mvule safi, kikiwa na nguzo mbili nene na jina la mradi kwa rangi ya kijani. Nobert, afisa wa mradi, alikisimamisha mbele ya nyumba ya Eseri kwa sababu ilikuwa karibu na barabara. Kesho wageni wangekuja kupigwa picha hapo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Lakini wahenga hawakuwajua wageni wa miradi.

Mwanzoni Eseri aliwapa vifaranga unga wa mahindi. Walipoanza kudonoana alimpeleka mmoja Bwera, kwa Sylivia, binti anayeuza dawa za mifugo. Sylivia alimpapasa kifua yule kifaranga, akatikisa kichwa.

"Mama, mahindi inawapa nguvu ya kukimbia tu. Kitu ya kujenga mwili iko kidogo sana. Ndiyo maana wanakula manyoya ya wenzao, wanaitafuta huko."

"Kitu gani hiyo?"

"Iko mbili. Moja wanaita laisini, utapata kwa soya. Ingine methionini, ongeza mukene, ile dagaa ya ziwa. Lakini soya ukaange vizuri, mpaka ganda ipasuke, inukie kama karanga. Ikibaki mbichi, mutoto wa kuku atakula na mwili haitapata kitu. Na usichelewe, mama. Wiki hizi za kwanza zikipotea, hazirudi."

Eseri alichanganya dagaa wale wa mukene na soya, lakini kuni zilikuwa chache. Alikaanga juu juu, akaepua mapema. Vifaranga wakaharisha, wakazidi kudumaa. Kosa lilikuwa lake, na lilimuuma.

Ndiyo maana asubuhi hii alikuwa akirudi na bodaboda kutoka Bugoye, nyuma kukiwa na mzigo wa visiki alivyopewa na shemeji yake Mumbere, aliyekuwa aking'oa miti ya kahawa iliyozeeka. Kwenye kizuizi cha barabarani askari aliwasimamisha.

"Kuni hii imetoka mbuga ya wanyama."

"Hapana, afande. Ni kahawa. Shemeji yangu aling'oa huko Bugoye. Angalia hata ganda yake."

"Wewe unanifundisha miti? Shusha!"

"Afande, nakuomba. Watoto wa kuku wanakufa."

"Nimesema shusha. Yote! Haraka!"

Alishusha. Pikipiki ilipoondoka naye bila mzigo aligeuka, akamwona mwanamke wa kambi ya waliohamishwa na mafuriko, mtoto mgongoni, akikusanya visiki vile bila kuinua macho. Eseri alitaka kumchukia, akashindwa. Yule naye alikuwa na chungu cha kuinjika.

Sasa soya ilikuwa kwenye beseni, mukene umechekechwa mchanga, mfuniko wa pipa wa kukaangia uko juu ya mafiga, na chini ya mafiga majivu baridi. Jirani yake Alisi alimletea magunzi ya mahindi. Yaliwaka yakaisha kabla mfuniko haujapata moto.

Alimpigia simu Nobert.

"Mama, vumilia," Nobert alisema. "Kesho wageni wakishaona, chakula itakuja."

"Kesho watakuwa wamekulana."

"Usiharibu jina ya mradi. Ukisumbua, hizo kuku tunapeleka kwa mwingine. Kibao umepangusa?"

"Bado."

"Pangusa. Nakuja kuangalia jioni."

Eseri alisimama uani na simu mkononi. Bandani kifaranga mwingine alilia, kile kilio chembamba alichokwisha kukijua. Alimtoa, akampaka majivu. Halafu akachukua shoka, akaenda barabarani, kwenye kibao.

Aliogopa, tena sana. Pigo la kwanza liliteleza. La pili liliingia.

"Eseri!" Alisi alipiga kelele. "Unataka kufungwa?"

"Nataka kukaanga soya."

Alisi alitazama barabara, huku na huku. Kisha akashika nguzo ya pili ili isiyumbe.

Mvule ni mti mgumu, lakini ukishashika moto hauna mzaha. Eseri alianza na ubao wenye maandishi, akauacha moshi wa rangi uishe kabisa, ndipo akaweka mfuniko na kumimina soya. Alikoroga hadi maganda yakapasuka na harufu ya karanga ikajaa uani. Alipoza, wakatwanga, wakachanganya na mahindi na mukene. Vifaranga walikimbilia chakula wakikanyagana. Hakuna aliyemdonoa mwenzake.

Pikipiki ya Nobert ilisimama nje jua likiwa bado juu ya vilima. Aliangalia visiki viwili vya nguzo, akaingia uani karibu akimbie.

"Kibao iko wapi?"

Eseri alinyoosha mwiko kuelekea bandani. "Wanakula."

Nobert alitazama mafiga, akaona kipande cha nguzo kikimalizikia. "Mama, wageni watasimama wapi?"

"Hapo kwa banda. Waangalie kuku."

"Kesho asubuhi nakuja na gari. Nabeba zote. Hata moja haitabaki kwako, umesikia?"

Alikuwa na uwezo huo, na Eseri alijua. Alishika mwiko vizuri.

"Beba," alisema. "Lakini leo wanakula."

Akasukuma kipande cha nguzo ndani ya moto, akamimina soya iliyobaki.